Uzoefu wangu na mipira ya gofu ya zamani yenye gamba la balata

Mwezi uliopita nilinunua kwa muuzaji wa vifaa vya michezo vilivyotumika mipira 12 ya gofu ya mtindo wa zamani, yaani ile iliyozungushiwa uzi wa mpira ndani na kufunikwa gamba la balata (utomvu wa mti uliogandishwa), nikaichezea raundi 4 hapa Nairobi sambamba na mipira yangu ya kisasa ya tabaka mbili. Nilikuwa nikiitamani tangu niliposoma kwamba Coburn Haskell, Mmarekani wa Ohio, alipata hataza ya mpira huo wa kuzungushiwa uzi mwaka 1899, na kwamba mwaka 1902 mchezaji Sandy Herd alishinda mashindano ya gofu ya Open ya Uingereza katika uwanja wa Hoylake akitumia mpira wa aina hiyo.

Sifa yake kubwa huonekana karibu na shimo. Nilipoupiga kwa chuma namba 9 (fimbo ya mapigo mafupi ya juu), ulitua kwenye grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, ukadunda mara moja, ukarudi nyuma kidogo na kutulia, ilhali ule wa kisasa wenye gamba gumu ulitua papo hapo na kubingirika hadi kwenye majani marefu. Gamba laini hunasa kwenye uso wa chuma, na hapo ndipo mpira unapopata mzunguko mwingi.

Ulaini huo una asili yake. Balata ni utomvu uliogemwa kutoka kwa mti mkubwa wa misitu ya Guyana, Suriname na Venezuela, ingawa baadaye viwanda viliweza kuiunda kwa kemikali. Mpira asilia wa kutengenezea uzi hutoka kwa mti mwingine, Hevea, wa bonde la Amazon, ambao mbegu zake Henry Wickham alizipeleka Kew, bustani ya mimea ya London, mwaka 1876 na kutoka huko miche ikafika Asia. Kinachonivutia zaidi ni kwamba tomvu hizi mbili zimejengwa kwa molekuli ileile iliyoungana kwa namna tofauti: minyororo ya mpira asilia hujikunjakunja, kwa hiyo huvutika na kurudi, ilhali ya balata imenyooka zaidi na hupangana, ndiyo maana inafaa kuwa ngozi ya nje.

Uimara, kwa upande mwingine, ulinisikitisha. Pigo moja nililolikosea kwa ukingo wa chuma lilichana gamba kama mwezi mchanga, na kufikia mwisho wa raundi ya tatu mipira 5 ilikuwa haifai tena. Kutoka kwenye tii, mahali pa pigo la kwanza, nilipungukiwa umbali wa hatua 20 hivi, na naamini chanzo ni umri, kwa kuwa uzi wa mpira hukauka na kupoteza mvuto hata ukiwa ndani ya boksi. Muuzaji hakunitajia mipira hiyo ilitengenezwa lini wala ilihifadhiwa wapi, nami nilikosea kutomuuliza kabla ya kulipa.

Iliyosalia naitumia jioni kufanyia mazoezi ya mapigo mafupi, na kwa kazi hiyo sijapata mwingine unaoukaribia. Kwa mashindano siipendekezi. Atakayeinunua asiipasue ili kuona uzi, na asiwaachie watoto, kwa sababu baadhi ya mipira hiyo ina kiini cha kimiminika chenye mgandamizo kinachoweza kuruka na kuumiza macho.