Kununua Kamomaili: Ipi Ianze, Ipi Ibaki Rafuni

Kamomaili, ua dogo linalotengenezewa chai, huuzwa kwa sura nyingi: maua makavu mazima, vifuko vya chai, unga, mbegu na mafuta ya kunukia. Pakiti zinazotoka nchi za Kiarabu huandikwa babunaji. Vyovyote iitwavyo upande wa mbele, geuza pakiti usome jina la kisayansi. Unalolitafuta ni Matricaria chamomilla. Wengine huandika Matricaria recutita, na mmea ni uleule. Pakiti iliyoandikwa “chai ya mitishamba” bila kutaja mmea, irudishe ulipoitoa.

Nafasi ya kwanza tunayapa maua makavu mazima, kwa sababu ndiyo pekee unayoweza kuyakagua mwenyewe. Mengi hulimwa Misri, hasa Fayoum. Maua mazuri yana kitovu cha njano iliyokolea na petali nyeupe au za rangi ya maziwa, na ukiyasugua kiganjani yananukia utamu unaokaribia wa tofaa. Yakiwa ya kahawia, yalikaushwa kwa joto kali, yalipata unyevu au yamekaa ghalani mno. Vikonyo virefu vingi ni dalili kwamba yalivunwa kwa mashine na hayakuchekechwa. Hapo unalipia mabua. Tikisa pakiti pia: vumbi la njano likijaa chini, maua yamesagika na harufu yake imekwisha kupotea.

Sasa chukua maua kumi, yaloweke dakika tano kwenye maji vuguvugu ili yasivunjike, kisha yapasue kwa wembe kutoka juu hadi kwenye kikonyo. Kamomaili halisi ina kitovu kilichochongoka, na ndani yake mna uwazi. Jamaa zake wengi wamejaa ndani. Anthemis cotula, gugu la mashambani linalofanana nayo sana, limejaa, lina harufu mbaya, na utomvu wake unaweza kuwasha ngozi hadi itoe malengelenge. Tripleurospermum inodorum nalo limejaa, ila halinuki kitu. Gugu la Matricaria discoidea ndilo linaloudanganya wembe, maana na lenyewe lina uwazi. Hilo litambue kwa kukosa petali nyeupe na kwa harufu yake ya nanasi. Halina madhara makubwa, lakini silo ulilolipia.

Kwa Nakuru, Nyandarua, Mufindi au Mbeya kuna pareto. Ua lake ni jeupe lenye kitovu cha njano, na likikauka mtu asiyelijua hulichanganya kwa urahisi. Ni kubwa kuliko kamomaili, kitovu chake ni bapa na kimejaa, na lina viini vya kuulia wadudu. Haliingii kwenye birika.

Kuna gugu ambalo wembe hauligundui. Senecio vulgaris huota katikati ya kamomaili, huvunwa pamoja nayo, na lina alkaloidi, viini vya sumu vinavyodhuru ini. Ndiyo maana tangu Julai 2022 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha maikrogramu 400 za alkaloidi hizo kwa kila kilo ya kamomaili kavu. Sokoni huwezi kupima kitu hicho, kwa hiyo nunua pakiti yenye namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya), na uyaache maua ya gunia lililo wazi hata kama bei yake inavutia.

Vifuko vya chai ni vya pili. Kasoro yake ni uzito. Boksi la vifuko 25 lenye gramu 30 lina gramu 1.2 tu kwa kila kifuko, wakati kikombe cha kawaida cha mililita 150 huhitaji gramu 1.5 hadi 4. Tumia viwili, au utakunywa maji ya njano. Ukilinganisha bei, gawa bei kwa gramu, usiigawe kwa idadi ya vifuko. Chagua vilivyofungwa kimoja kimoja, na orodha ya viambato isome “maua ya kamomaili 100%”. Palipo na ladha ya vanila au asali, mara nyingi kamomaili yenyewe ni kidogo.

Mbegu tunaziweka za tatu, kwa wakazi wa sehemu za baridi tu. Joto la Pwani huzidhoofisha. Soma jina hapa pia: Chamaemelum nobile ni kamomaili ya Kirumi, hutambaa chini na chai yake ni chungu zaidi. Mbegu ni ndogo kama vumbi na huhitaji mwanga ili ziote, hivyo zinyunyize juu ya udongo, zikandamize kidogo, usizifukie. Wengi huzifukia, kisha wanamlaumu muuza mbegu. Chuma maua petali zikiwa zimenyooka, yakaushe kivulini. Kilo tano hivi za maua mabichi hutoa kilo moja kavu.

Unga ni wa mwisho kati ya vinavyonywewa. Huwezi kujua umesagwa na nini.

Mafuta hayamo kwenye mashindano haya, kwa kuwa hayanywewi. Ya Matricaria huwa ya buluu iliyokolea kwa sababu ya kamazulini, kiini kinachotokea maua yanapokenekwa kwa mvuke. Chupa ya bei rahisi yenye mafuta yasiyo na rangi, ikidai ni ya mmea huo, itilie shaka.

Ukifika nyumbani, hamishia maua kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, uiweke gizani. Kwa Dar es Salaam au Mombasa nunua gramu 50 kwa safari moja. Unyevu wa huko huleta ukungu na wadudu kabla hujamaliza gramu 200. Kikombe kimoja kinataka kijiko kimoja cha mezani, maji yaliyochemka, na kisahani juu kwa dakika tano hadi kumi, la sivyo harufu yote huondoka na mvuke. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asinywe kabla ya kuzungumza na daktari wake, na mama mjamzito vilevile. Anayewashwa na pareto au maua mengine ya jamii hiyo asiiguse kamomaili kabisa.