Uzoefu wangu na restic: bakapu ya studio inayojiendesha yenyewe kutoka Mji Mkongwe

Studio yetu iliyopo Mji Mkongwe, Unguja, hupiga picha na video za harusi, maulidi na mahafali ya skuli, na kazi ya namna hii haivumilii upotevu. Stakabadhi ikipotea huandikwa nyingine, lakini harusi iliyokwisha kupita, pamoja na wazee waliohudhuria siku ile, haiwezi kupigwa picha upya. Kwa muda mrefu nilitafuta njia ya kuweka nakala rudufu (bakapu) nje ya jengo letu bila ya kumtegemea mtu akumbuke kufanya hivyo, na sasa natumia programu ya restic, ambayo kila usiku hupeleka mafaili yetu kwenye Backblaze B2, hifadhi ya mawingu, yaani nafasi ya kukodi kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa mtandao. Nimeitumia kwa zaidi ya msimu mmoja wa harusi, na ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyaona kwa mtandao wetu na umeme wetu.

Anayeishi hapa hahitaji maelezo marefu kuhusu haja ya kuwa na nakala mbali na jengo. Nyumba zetu za mawe na chokaa hunyonya maji ya masika, hewa ya bahari ina chumvi inayokula chuma, na umeme hukatika na kurudi kwa nguvu inayoweza kuharibu diski iliyokuwa katikati ya kuandika. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililosimama tangu 1883, iliporomoka, na baada ya hapo sikuona tena maana ya kuweka diski zote za nje ndani ya kabati moja. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ambayo watu wa fani yetu wanaifuata: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine. Sisi tuna nakala ya kazi kwenye kompyuta ya studio, ya pili kwenye diski inayokaa nyumbani Fuoni, na ya tatu ni hii ya mawingu.

Diski ya Fuoni inategemea mtu aichukue, aichomeke, asubiri na airejeshe, na hapo ndipo thamani ya bakapu inayojiendesha inapoonekana. Katika mwezi wa Shaabani, watu wanapokimbizana na harusi kabla ya Ramadhani, tunarudi usiku wa manane na kadi za kamera zilizojaa, na asubuhi tunatoka tena. Huo ndio wakati ambao mafaili mapya ni mengi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na huo huo ndio wakati ambao hakuna mwenye nafasi ya kushika diski. Bakapu ya mkono husahaulika siku ambazo hasara ingekuwa kubwa zaidi, wala haisaidii kumlaumu mtu kwa uchovu.

Wenzangu wengi huniuliza kwa nini nisitumie tu folda ya kawaida inayolandanishwa na mawingu. Folda ya namna hiyo inafaa kwa kufanya kazi kwenye vifaa viwili, lakini kazi yake ni kufuatisha kila badiliko: faili likifutwa huku hufutwa na kule, na likiharibika huku, lililoharibika ndilo linalopandishwa. Zipo huduma zinazotunza vilivyofutwa kwa muda fulani, ila muda huo huisha, na mteja wa harusi anaweza kuja baada ya miaka.

Restic ni programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi, iliyoanzishwa na Mjerumani Alexander Neumann na kuandikwa kwa Go, lugha ya kutengenezea programu. Ubora wake kwa mtu wa visiwani unatokana na namna inavyokata mafaili. Kila faili hugawanywa katika vipande vyenye wastani wa megabaiti 1 hivi, na kipande ambacho tayari kimo kwenye ghala la mawingu hakipelekwi tena, hata kikiwa kimo ndani ya faili lenye jina jingine au folda nyingine. Programu niliyokuwa nayo kabla yake, ambayo sitaitaja, ilipandisha faili zima kila lilipoguswa, na mtandao ukikatika katikati ya video ya gigabaiti kadhaa ilianza moja upya. Kwa restic, mtandao ukikatika, kazi ikianzishwa tena huvitambua vipande vilivyokwisha kufika na kuendelea na vilivyobaki.

Hilo lilikuwa na maana kubwa katika upandishaji wa mara ya kwanza, ambao ndio mtihani mgumu kuliko yote. Hesabu yake ni rahisi, na kila mtu aifanye kabla ya kuanza, akikumbuka kwamba baiti moja ni biti nane: gigabaiti 400 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde zinahitaji zaidi ya siku 7 mfululizo bila ya kupumzika, na kwa megabiti 2 zinakaribia siku 19. Kwetu ilichukua wiki kadhaa, kwa sababu mchana niliipunguza kasi kwa kutumia chaguo la restic la kuweka kikomo cha upandishaji, ili wateja waendelee kupokea picha zao, na usiku nikaiachia laini yote. Nilianza na folda ambazo hazina nakala nyingine popote, kisha kazi za karibuni, kisha za zamani. Video ghafi sikuzipeleka kabisa. Zinabaki kwenye diski ya Fuoni, na mawinguni tunapeleka picha, video zilizokamilika, mafaili ya uhariri na hesabu za ofisi. Tangu 2022 restic inaweza pia kubana data, lakini picha za JPEG na video tayari zimebanwa na kamera, kwa hiyo mwenye kazi kama yangu asitarajie nafuu kubwa kutoka hapo.

Ratiba yenyewe inaendeshwa na kipangakazi kilichomo ndani ya Windows, kinachoita skripti fupi (faili lenye amri zinazofuatana) saa 8 usiku. Kuna chaguo moja dogo katika mipangilio yake ambalo kwa Zanzibar ni la lazima: lile linaloiambia kompyuta ifanye kazi mara tu inapowezekana endapo wakati uliopangwa ulipita ikiwa imezimwa. Bila ya kutia alama hapo, umeme ukikatika saa 7 na kurudi alfajiri, usiku huo unapita hivi hivi bila bakapu. Wanaotumia Linux badala ya Windows waelewe kwamba cron, kipangakazi chake cha kawaida, hairudii kazi iliyopitwa na wakati, hivyo watumie anacron au kipima muda cha systemd chenye mpangilio huo.

Skripti ikimaliza salama hupiga hodi kwenye huduma ya Healthchecks.io. Hodi isipofika kwa muda nilioupanga, napata barua pepe. Naipenda njia hii kuliko taarifa za makosa zinazotumwa na kompyuta yenyewe, kwa kuwa kompyuta iliyozimika au iliyokosa mtandao haiwezi kusema kwamba imeshindwa. Mwezi wa Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na Tanzania nzima ikabaki na mtandao wa kusuasua, onyo lilinifikia kwenye simu, nikajua kwamba kwa siku zile ni diski ya Fuoni tu inayoweza kututetea. Mtandao ulipotengemaa, restic iliyapandisha yaliyolimbikizana bila ya mimi kugusa kitu.

Jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko bei na kasi ni usiri. Mimi ni mpiga picha mwanamke, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni shughuli za akina mama ukumbini, ambamo wanaume hawaingii na wageni huvua mabaibui yao kwa kuamini kwamba picha hazitatoka nje ya familia. Nisingethubutu kuzipeleka picha hizo Marekani wala Ulaya zikiwa wazi. Restic hufunga kila kipande kwa usimbaji wa AES-256, yaani hugeuzwa kuwa fumbo lisilofunguka bila nenosiri, ndani ya kompyuta yetu kabla hakijatoka, na majina ya mafaili na folda nayo hufungwa, hata mwenye hifadhi anachokiona ni rundo la data lisilosomeka. Gharama ya ulinzi huo ni kwamba nenosiri la ghala likipotea hakuna ofisi ya kulalamikia wala njia ya kulirudisha. Letu limeandikwa kwenye karatasi mbili zilizo ndani ya bahasha, moja ikiwa Fuoni na nyingine kwa kaka yangu Chake Chake.

Sasa niseme kuhusu kurejesha, kwa kuwa bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa bado haijathibitika. Asubuhi moja alifika mama kutoka Jang'ombe, uso umemnyong'onyea.

"Shikamoo mama, karibu ukae."

"Marahaba mwanangu. Simu ya binti yangu imetumbukia baharini na picha zote za harusi zilikuwa humo. Nyinyi mnazo bado?"

Kazi ile ilikuwa imekwisha kuondolewa kwenye kompyuta ili kupata nafasi. Niliorodhesha matoleo, yaani hali ya mafaili kama yalivyokuwa kila bakapu ilipofanyika, yaliyomo kwenye ghala, nikalitafuta folda kwa jina la familia, kisha nikaiamuru restic irejeshe folda hilo peke yake. Picha ya kwanza kufunguka ilikuwa ya bibi harusi akiwa na hina mbichi mikononi, na yule mama akaisogelea skrini kumwonesha mjukuu wake. Folda lote, lenye gigabaiti 6, lilishuka kwa muda usiofika saa moja.

Hilo liliwezekana kwa sababu ya mpangilio ambao naomba kila mpiga picha auzingatie. Restic hufuta matoleo ya zamani kwa kanuni unayoiweka, mfano kubakisha ya siku 7, ya wiki 5 na ya miezi 12. Kanuni hiyo ikiachwa peke yake, harusi iliyoondolewa kwenye kompyuta nayo itatoweka mawinguni mara matoleo yaliyokuwa nayo yatakapofutwa. Kwa hiyo kila kazi ikikamilika tunaipandisha kwa mara ya mwisho ikiwa na lebo maalumu, na kanuni ya ufutaji imeelekezwa isiguse chochote chenye lebo hiyo.

Ufunguo wa B2, yaani alama za siri ambazo restic hutumia kuingia kwenye hifadhi, uliomo kwenye kompyuta ya studio umenyimwa ruhusa ya kufuta kabisa. Unaweza kuficha faili tu, na lililofichwa hurudishika. Ufunguo wenye ruhusa kamili hautunzwi kwenye mashine ile. Nimefanya hivyo kwa kuzingatia virusi vya kufunga mafaili na kudai fedha, mfano wa WannaCry ya Mei 2017, ambavyo vikiikuta bakapu imeunganishwa huiharibu pamoja na vyote. Mara kwa mara pia naiamuru restic ipakue sehemu ya vipande na kuvikagua kama vimebaki salama, kwa kuwa hifadhi ya mbali nayo ni jengo kama majengo mengine: tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wapo waliopoteza kila kitu.

Upungufu upo. Restic haina madirisha ya kubonyeza, ni amri za kuandika, na maelezo yake rasmi ni ya Kiingereza. Kijana wetu wa ofisi alihitaji kukaa nami kwa subira mpaka akazizoea. Usafishaji wa ghala kubwa, yaani kuondoa vipande visivyohitajika tena, huchukua muda mrefu kwa mtandao mdogo. Malipo ya hifadhi ni kwa dola na kwa kadi inayokubali ununuzi wa mtandaoni, jambo linalowasumbua wenye biashara wanaotegemea pesa za simu pekee. Bei yenyewe hainisumbui: kuanzia Oktoba 2023 ilipangwa kuwa dola 6 kwa terabaiti kwa mwezi, na kwa bei hiyo gigabaiti 400 hazikufika dola 2.50, ambazo kwa dola ya shilingi 2,500 zilikuwa kama shilingi 6,000, na kupakua hakulipiwi mpaka uvuke mara tatu ya wastani wa ulichohifadhi.

Kwa mwenye video ghafi nyingi na laini ya simu tu, simshauri apeleke kila kitu. Diski mbili zinazobadilishana nyumba zitamfaa zaidi, na mawinguni apeleke kazi zilizokamilika. Kwa mwenye ofisi ya hati na hesabu, ambaye mafaili yake yote hayafiki gigabaiti 10, B2 haitozi chochote kwa kiasi hicho wala haihitaji kadi ili kuanza, na upandishaji wake wa kwanza kwa megabiti 5 utakwisha ndani ya saa tano.