Kukodi skuta Unguja: uchukue ipi, na uichukulie wapi

Ukifika Unguja kwa mapumziko, bei za skuta utaanza kutajiwa kabla hujatua begi. Subiri kwanza. Amua utalala wapi, ndipo uulize chombo, kwa sababu skuta inayofaa kuzunguka Paje na Jambiani haifai kwa safari ya Mjini hadi Nungwi, kaskazini. Hiyo ni karibu kilomita 60 za kugombea barabara na malori, daladala zinazosimama ghafla na magari yanayowahisha wageni uwanja wa ndege. Mimi nashauri hivi: safari ndefu ifanye kwa teksi au daladala (namba 116 ya Nungwi, namba 309 ya Jambiani inayopita Paje), kisha ukodi kijijini. Vurugu za mjini, Darajani na Mwanakwerekwe, utaziepuka, na chombo kikigoma mwenyewe yuko jirani.

Chaguo la kwanza: skuta ya otomatiki, cc 125. Kwa watu wengi hakuna cha kuishinda. Haina klachi wala gia, breki zote ziko mikononi, na chini ya kiti panaingia taulo na chupa ya maji. Lami ya kusini mashariki ni tambarare, hivyo watu wawili inawabeba bila shida. Kutoka Paje unaweza kwenda Bwejuu hadi Pingwe na Michamvi, na kesho yake ukashika njia ya Jambiani na Makunduchi mpaka Kizimkazi Dimbani, kwenye msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 1107. Udhaifu wake ni magurudumu madogo. Yakikanyaga mchanga laini au mawe ya matumbawe, usukani unayumba. Lami inapokaribia kuisha punguza mwendo mapema, na breki ya mbele usiibane kwa nguvu. Mgeni wa nje mara nyingi hutajiwa dola 20 hadi 30 kwa siku. Anayechukua kwa siku kadhaa na kupatana kwa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kushusha bei.

La pili: pikipiki ya gia, Boxer au TVS. Ukiwa umezoea pikipiki kwenu, kwako hii iwe ya kwanza. Magurudumu yake makubwa yanavumilia njia za vumbi, na fundi wa kijijini anaijua kwa sababu ndiyo ya bodaboda. Ila si chombo cha kujifunzia likizoni.

La tatu: vespa ya gia ya zamani. Inapendeza sana kwenye picha. Lakini gia hubadilishwa kwa kuzungusha mkono wa kushoto huku breki ya nyuma iko mguuni, na nyingi zina umri mkubwa. Ichukue kama ulishaizoea.

La nne: skuta ya umeme. Haina kelele wala moshi, na kwa mizunguko ya Paje na Jambiani inatosha. Nimeiweka mwisho kwa sababu tu ya umbali inaoweza kwenda kwa chaji moja. Muulize mwenyewe utachaji wapi, na umeme ukikatika itakuwaje.

Ambaye hajawahi kuendesha chombo cha magurudumu mawili asikodi chochote kati ya hivi. Achukue gari au dereva.

Sasa ukaguzi, na hapa usione haya kuchukua muda. Tazama tairi kwanza: likiwa kipara, kataa, hata kama bei ni ya kutupa. Bana breki zote mbili ukiwa unaisukuma. Washa taa, indiketa, taa ya breki, piga honi. Angalia vioo vya pembeni. Dai helmeti mbili zenye kamba nzima, maana abiria naye ana kichwa. Piga video ya kila mkwaruzo mwenyewe akiwepo. Pasipoti usiiache kama dhamana. Toa nakala au fedha, na kiasi hicho kiandikwe kwenye mkataba. Soma kama bima inamhusu anayekodi, na ikiharibika nani analipa nini.

Leseni ya gari peke yake haitoshi, pikipiki ina daraja lake. Mgeni wa nje hukatiwa kibali cha muda cha Zanzibar, na kwa kawaida mwenye chombo humsaidia kukipata. Kikifika, soma jina na tarehe kabla ya kuondoka. Polisi husimamisha watu barabarani, kwa hiyo tembea na karatasi zote.

Vaa suruali ndefu. Bomba la moshi huunguza shavu la mguu wakati wa kushuka, na vijijini mavazi hayo ni ya heshima pia. Kwenye msitu wa Jozani nenda taratibu, kima punju (kima wekundu wa Zanzibar) wanavuka barabara. Magharibi ikiingia, rudi: gari la ng'ombe na baiskeli zisizo na taa huzioni mpaka uwe umezifikia. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kodi siku moja moja ili mvua isikulipishe chombo kilichoegeshwa. Ufukweni usiendeshe hata maji yakitoka, kwa kuwa chumvi huozesha chuma na fidia itatoka kwenye dhamana yako.

Siku ya kurudisha, fika mchana kweupe, mafuta yakiwa kama ulivyoyakuta, mkague pamoja kwa ile video, na dhamana uihesabu hapo hapo.