Unahamia Kwenye Kegi? Hizi Hapa, Kuanzia Bora Hadi ya Kuepuka

Lita 19 za bia ya nyumbani ni chupa 57 za mililita 330, na zote zinataka kuoshwa, kujazwa na kuzibwa. Kegi, yaani chombo kimoja kikubwa kinachobeba bia yote na kuimimina kwa nguvu ya gesi ya kaboni dioksidi, inakuondolea kazi hiyo. Ila bia iliyokwisha kuzibwa kwenye chupa iache humo humo. Ukiimimina kwenye kegi itapigwa na hewa, na oksijeni huipa ladha ya karatasi iliyolowa. Anza na bia utakayopika safari ijayo.

Kegi itakaa kwenye friji, kwa hiyo ipime kabla ya kununua chochote.

Nafasi ya kwanza naipa kegi aina ya Cornelius ya lita 19 iliyotumika, yenye viungio vya gololi (ball lock) vya kuunganishia mipira ya gesi na bia. Ina urefu wa sentimita 64 hivi na upana wa 22. Ilitengenezwa kubebea shira ya soda. Ni chuma cha pua, mdomo wake unapitisha mkono wa kusugua, na kila kipuri kinabadilishwa. Mwombe muuzaji aitie gesi, kisha paka maji ya sabuni kuzunguka kifuniko na valvu zote mbili. Vipovu vikianza kujipanga ukingoni, inavuja. Usiikatae papo hapo, kwani mara nyingi ni mpira wa kuzibia tu uliokauka. Harufu ya soda nayo hukaa kwenye mipira hiyo; badilisha yote. Mulika tochi ndani: ukiona kutu au vishimo, achana nayo. Ya viungio vya pini (pin lock) ni fupi na nene zaidi, nayo ni nzuri, ila vipuri vyake ni adimu. Usichanganye aina hizo mbili za viungio.

Friji ikiwa ndogo, chukua Cornelius mpya ya lita 9 au 10. Hiyo ni ya pili kwangu, tena kwa mnywaji wa peke yake huenda ikawa ya kwanza.

Ya tatu ni ya plastiki. Ni nyepesi na unaona bia iliyobaki, lakini maji ya moto huikunja na mikwaruzo huficha vijidudu. Soma tarehe yake ya ukomo. Kikegi cha lita 5 cha vichupa vya gesi kinafaa matembezini tu. Vichupa hivyo vitakumalizia pesa.

Kegi ya lita 50 ya kiwandani iache kabisa. Mara nyingi bado ni mali ya kiwanda hata kama amana imelipwa, na valvu yake ikifunguliwa ikiwa na presha inaweza kuruka na kuua mtu.

Pesa utakayookoa itie kwenye regulata nzuri, kifaa cha kudhibiti presha ya gesi inayotoka mtungini. Kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, paundi 10 hadi 12 kwa inchi ya mraba zitaitia bia gesi ya kutosha kwa wiki moja hivi. Mtungi wa gesi usimame wima, chumba kipitishe hewa. Mpira wa kumiminia uwe na kipenyo cha ndani cha milimita 5 na urefu wa mita 3 hivi. Glasi ikijaa povu tupu, usikimbilie kupunguza presha. Weka mpira mrefu zaidi.