Majimbo ya 1963 au ugatuzi wa 2010?

Watu wengi hapa Kenya wanachanganya haya mambo mawili, eti ugatuzi, yaani madaraka kugawiwa kaunti, ni majimbo yamerudi. Hapana jamani.

Majimbo ya 1963 yalikuwa mikoa saba mikubwa, kila mmoja na bunge lake, na yalitoka kwa KADU, chama cha kina Ronald Ngala wa kwetu Pwani waliohofia makabila makubwa ya chama kingine, KANU, yatameza kila kitu. Shida ni kwamba KANU ndio walishinda uchaguzi wa Mei 1963 na hawakuyataka kabisa, sasa wewe fikiria serikali inaambiwa igawie wapinzani wake pesa na madaraka, itafanya? Ikabana fedha, wabunge wa KADU wakaanza kuhama mmoja mmoja mpaka Novemba 1964 chama kikavunjwa, na Desemba hiyohiyo tukawa jamhuri yenye rais mwenye nguvu zote. Seneti, yaani bunge la pili, nayo ikafuata kaburini miaka michache baadaye.

Ugatuzi una kaunti 47, ndogondogo, na kwangu mimi una nguvu kuliko majimbo kwa sababu moja kubwa, pesa imeandikwa ndani ya katiba, si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hospitali nyingi na kilimo ziko kwa gavana, polisi na shule za msingi zimebaki kwa serikali kuu Nairobi. Halafu kuubomoa lazima kura ya maoni, wabunge peke yao hawawezi. Ngala hakuwa na kinga hiyo, na inaniuma sana.