Begi la mgongoni la lita 40, nimesafiri nalo peke yangu nje ya nchi mara ya kwanza

Yaani hili begi nalipenda kutoka moyoni. Safari ya kwanza nje ya nchi, niko mwenyewe, hakuna wa kumwambia nishikie kidogo niende chooni, kwa hiyo kila mahali unaingia na begi lako na hili linaingia. Likiwa limejaa lilipita kama mzigo wa kabini bila maneno, ila pima kwanza maana kila kampuni ya ndege ina vipimo vyake.

Kilichoniteka ni ule mfuko mdogo wa upande wa mgongo, zipu yake inalala kabisa mgongoni kwako, pasipoti nikaiweka humo na foleni nzima ya uhamiaji nikawa naisikia inanigusa, roho imetulia. Mbele kuna mfuko wa vimiminika, vile vichupa visivyozidi mililita 100, unautoa fasta kwenye ukaguzi. Pawabanki nayo iweke humu humu, usije ukaiacha kwenye begi unalokabidhi kaunta, hairuhusiwi kule.

Ubaya, mfuko wa chupa ya maji umebana sana, begi likijaa chupa haiingii, na zipu kubwa ilianza kukwama siku ya nne nikaipaka mshumaa ndo ikalainika. Lakini mikanda ya mabega, aisee, nilitembea karibu saa nzima usiku natafuta hosteli na mabega hayakuuma. Nyota nne.