Skii bila haraka: Zermatt au Bansko?

Kwa bei, Bansko ya Bulgaria inashinda waziwazi: malazi, chakula, mwalimu na kukodi vifaa, vyote ni nafuu kuliko Zermatt ya Uswisi. Ila msimu ukipamba moto, foleni ya asubuhi ya kupanda gondola (kibanda cha abiria kinachoning'inia kwenye kebo) kutoka mjini huchosha.

Theluji ya uhakika iko Zermatt, ambako gondola hufika mita 3,883, kwenye barafu ya kudumu. Kijiji ni kitulivu. Gari lako unaliacha Täsch, kijiji cha jirani, unaingia kwa treni. Na asiyeteleza hupanda reli ya Gornergrat hadi mita 3,089 akautazama mlima Matterhorn. Hilo nalithamini sana.

Wanaoanza kujifunza, wenye bajeti ndogo, Bansko inawatosha. Ukiwa na wazazi wasioteleza, au likizo yako ikiangukia Aprili, Zermatt inastahili gharama yake.